Uzamili au Uzamivu katika Hisabati?

Mwezi uliopita alinijia mwalimu mmoja niliyepata kumfundisha hapa chuoni, ambaye baadaye alijiendeleza hadi akapata shahada ya kwanza ya hisabati. Aliniuliza: asome uzamili kisha arudi kufundisha walimu, au aazimie kufika shahada ya udaktari, yaani uzamivu? Mimi mwenyewe nina stashahada ya elimu tu, na huenda msomaji akaniona sistahili kutoa shauri. Hata hivyo, ndugu wanachuo, baadhi yenu mtalikabili swali hilo.

Wengi hudhani kwamba shahada hizi ni vipandio viwili vya ngazi moja. Sivyo. Mwenye kusoma uzamili hujifunza kwa mapana hisabati iliyokwisha kuthibitishwa na wengine. Wa uzamivu hudaiwa athibitishe jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha kabla yake. Aweza kukaa na swali moja miezi mingi asipate hata mstari mmoja wa kufaa, wala hakuna majibu nyuma ya kitabu. Anayeipenda kazi hiyo na aende. Anayetamani kuitwa Daktari tu atateseka bure. Freeman Dyson alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1951 bila shahada hiyo. Lakini huyo tusimfanye kipimo, kwani siku hizi hata vyuo vikuu vyetu humtaka mhadhiri awe na uzamivu, na mwenye uzamili huanza akiwa mhadhiri msaidizi.

Nilimwuliza ni swali gani linalomnyima usingizi. Akajibu: mtoto agawanyapo 6 kwa nusu hupata 12, naye hushangaa kugawanya kumekuzaje namba; nasi humwambia, "Geuza, uzidishe," basi. Swali zuri! Lakini si swali la uzamivu wa hisabati. Hisabati yake ilikwisha kujulikana zamani. Kilichobaki ni jinsi ya kumfikishia mtoto, na hilo lamhitaji mkufunzi mwenye hisabati pana aliye karibu na darasa.

Kwa hiyo nilimshauri asome uzamili, na aitumie tasnifu yake kujipima. Akiona utamu wa kutafuta lisilojulikana, mlango wa uzamivu haujafungwa; kwetu kwa kawaida uzamili ndio unaotangulia.

Hakuridhika. Alisema wenzake watadhani ameogopa. Tulipoagana, fomu yake ilikuwa bado haijajazwa.