Nani Amwangalie Askari?

Wako watu wasemao ya kuwa askari wa polisi aangaliwe na mkubwa wake tu, maana raia hajui kazi ya bunduki. Neno hili twalikataa. Tangu lini kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere?

Tuitazame Kenya. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 walikufa watu zaidi ya 1,000, na si wachache kati yao waliuawa kwa risasi za polisi. Kwa hiyo mwaka 2011 Bunge lilitunga sheria ya kuweka mamlaka ya raia, iitwayo IPOA, iwaangalie polisi. Wajumbe wake hutumikia miaka 6, mara moja tu. Twaisifu kanuni hiyo, maana mtu asiyetazamia kuteuliwa tena hana haja ya kujipendekeza kwa mkubwa ye yote.

Juni 2025 mwalimu mwenzetu, Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa habari za mtandaoni zilizomhusu mkubwa wa polisi. Akapelekwa Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Polisi walitangaza ya kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipoupasua mwili waliona majeraha yasiyopatana kabisa na maneno hayo. Je, kama wenye habari ya ukuta ndio pekee wangalipeleleza, nani angaliijua kweli? IPOA ilipeleleza, na mwezi uleule watu 6, wakiwamo maaskari, wakashtakiwa kwa kuua. Kama wana hatia au hawana, hilo ni la mahakama. Askari naye ana haki ya kusikilizwa, wala msimamizi asiyemsikiliza hafai kitu.

Lakini kusimamia si kupeleleza tu. Mwaka 2016 dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amepeleka mashtaka kwa IPOA, ya kwamba askari alimpiga risasi. Akaenda mahakamani Mavoko na wakili wake, Willie Kimani. Hawakurudi. Miili yao na ya dereva wa teksi iliyowachukua ilitolewa mtoni. Hukumu ya wauaji, maaskari watatu na mpasha habari wao, ilipatikana 2022, baada ya miaka 6. Hatusemi ya kwamba msimamizi alitoa siri; twasema ya kwamba amwitaye mnyonge aje kushtaki, naye hana pa kumficha, amemweka mtegoni. Ulinzi wa mshtaki uwe umekwisha kupangwa siku ile ile anapoandikwa jina, si baada ya mazishi.

Nasi vijijini tuna lawama. Kijana hupigwa, kisha wazee hupokea mbuzi na shilingi kadha wa kadha, shauri likamalizwa chini ya mwembe, na askari yule yule hurudi zamu yake kesho. Wazee wetu, mbuzi yule ni malipo ya kijana yupi: huyu aliyekwisha kupigwa, au yule atakayefuata?