Mgeni mdogo wa mkwaju wetu



Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, mwanafunzi wa madrasa yetu huku Bunju alituletea kiganjani ndege aliyekufa. Alikuwa amempiga kwa manati juu ya mkwaju wa uani mwa msikiti. "Ustadhi, ni kadege tu," akajitetea. Nasi hatukumjua.

Tulipouliza wajuzi, tuliambiwa kuwa kwa Kilatini huitwa Phylloscopus trochilus. Mtu humdhania chozi jike, lakini mdomo wa chozi umepinda, na wa huyu umenyooka kama sindano. Mgongo wake ni wa kijani cha kufifia, kifua kina umanjano hafifu, na juu ya jicho upo mstari mweupeweupe mfano wa unyushi. Hatulii, hudonoa wadudu jani kwa jani.

Uzito wake ni kiasi cha gramu 10. Huzaliana Ulaya ya kaskazini na Urusi, na kwetu hukaa takriban Oktoba hadi Aprili. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa ndege wa aina hii, waliofungwa vifaa vidogo mashariki ya mbali ya Siberia, walikuja hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji, mwendo wa kilomita 13,000 hivi, na safari zao nyingi huwa za usiku. Kabla ya kurejea, hubadili manyoya yote na kujinenepesha. Huyu wetu basi aliuawa karibu na siku yake ya kuondoka.

Tulimkumbusha kijana kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Tukamsimulia pia habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (r.a.), aliyefiwa na kindege chake, na Mtume akamliwaza kwa upole.

Lakini nasi tuliona haya. Tulimkemea mtoto kwa jiwe moja, ilhali mezani mwa kamati lilikuwapo shauri la kuukata mkwaju huo ili tupate maegesho. Kikao kilichofuata kiliamua ubaki.

Wazazi, ikifika Oktoba, inshaallah, simameni na wanenu chini ya mti wowote wa jirani. Waonesheni mgeni huyo, na manati zibaki nyumbani.