Programu za Kukodi

Twaulizwa mara kwa mara kama yafaa mwenye nyumba kulipia Microsoft 365 mwezi hata mwezi, ili watoto waandikie kazi zao za shule.

Huduma hii ilianza mwaka 2011 kwa jina la Office 365, ikapewa jina la sasa mwaka 2020. Nayo si kununua, ni kukodi. Ukiacha kulipa, programu zilizomo kompyutani zitakuacha usome nyaraka zako na kuzichapa, walakini kuzisahihisha au kuandika mpya hutaweza. Maandishi ni yako, kalamu ni ya watu! Jambo hili twataka lifikiriwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Hatusemi ya kwamba haina faida. Mpango wa familia hutumiwa na watu hadi 6, na kila mmoja hupata nafasi ya gigabaiti 1,000 ya kuwekea picha na maandishi, hali asiyelipa hupewa 5 tu. Nyumba yenye watu wengi na intaneti ya kutegemewa yaweza kuiona thamani yake.

Ama nyumba ambayo haja yake ni barua, hesabu za matumizi na kazi za shule, hatuoni kwa nini itoe kodi hiyo. Ipo LibreOffice, iliyotokea mwaka 2010, nayo ni bure. Hufungua nyaraka za Word, ijapokuwa mpangilio wa kurasa pengine huharibika kidogo. Na ijaribiwe kwanza mwezi mmoja.

Na waliokwisha kujiandikisha wakumbuke kuwa malipo hujirudia yenyewe mpaka yasimamishwe.