Mali bila daftari: Somo la baiskeli ya kukunja

Mwaka 2008, niliporudi nyumbani Burundi kutoka kambini Tanzania, nilikuwa na mke, watoto wanne na baiskeli moja. Baiskeli hiyo niliinunua kwa fedha za kuuza mihogo, na ndiyo niliyoitegemea kuanzia maisha. Mpakani nikaulizwa: "Risiti iko wapi? Namba ya fremu ni ngapi?" Risiti sikuwa nayo, na namba sikuwahi hata kuitazama. Baiskeli ikabaki, nami nikaingia nchini kwangu kwa miguu. Jirani yangu aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameiandika namba ya baiskeli yake kwenye jalada la daftari la shule la mwanawe. Akalitoa, namba ikalinganishwa, akapita.

Niliyakumbuka hayo juzi niliposoma habari za watu wa Ulaya wanaosaka baiskeli za kijeshi za zamani. Msomaji utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa mpakani? Nivumilie kidogo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, ilitengeneza baiskeli za kukunja kwa ajili ya askari wa miavuli. Kati ya 1942 na 1945 zilitoka kiwandani zaidi ya 60,000. Fremu yake ilikuwa ya mabomba pacha yaliyopinda, na katikati ilikuwa na bawaba mbili zilizokazwa kwa nati zenye masikio, ili askari aikunje na kuikunjua kwa vidole bila kutafuta spana. Hata pedeli zake zilikuwa za kusukumwa ndani.

Lakini vita ina mambo yake. Ndege zisizo na injini zilipoanza kuwabebea askari hao magari madogo ya jeep, haja ya baiskeli ilipungua. Nyingi wakapewa askari wa kawaida. Tarehe 6 Juni 1944, askari wa Kanada waliteremka na baiskeli katika ufuko wa Bernières-sur-Mer, Ufaransa, wakizibeba huku wakipita majini. Nyingi zilitupwa njiani kwa kuwa zilikuwa mzigo. Vita ilipokwisha, zilizobaki wakauziwa raia kwa bei ya chini.

Leo kilichotupwa ndicho kinachotafutwa. Na mnunuzi makini haangalii kwanza rangi ya kijani, maana rangi mtu yeyote aweza kupaka. Huuliza namba iliyogongwa kwenye fremu, kisha hukagua kama pedeli na zile nati ni zake za asili. Baiskeli yenye asili inayojulikana hupata bei nzuri. Iliyoungwaungwa kwa vipande vya huku na huku hupata bei ndogo, hata ikiwa inang'aa.

Wapo watakaosema Wazungu wana fedha za kuchezea, sisi baiskeli yetu ni ya kubebea ndizi, chumvi na mafuta ya mawese. Ni kweli. Wala sisemi kwamba mwenye baiskeli kuukuu ya Kiingereza ameshika dhahabu. Asije dalali akakudanganya. Ninachosema ni hiki: ikiwa mtu anayeiendesha baiskeli Jumapili kwa kujifurahisha anaijua namba yake, inakuwaje asiijue yule ambaye chakula cha watoto wake kinapita juu ya kerea?

Ndugu mfanyabiashara, nawe ndugu unayefunga mizigo kurudi nyumbani, igeuze baiskeli yako leo. Mara nyingi namba hugongwa chini, penye ekseli ya pedeli, au kwenye bomba la kiti. Iandike mahali pawili. Ukinunua, muuzaji aandike jina lake, tarehe, bei na namba mbele ya shahidi. Ukiuza, fanya vivyo hivyo, ili baiskeli ikikutwa kesho katika wizi usiulizwe wewe.

Kwa viongozi wa komini na wakuu wa mipakani nina ombi moja. Wekeni daftari la baiskeli kila kivuko. Anayetoka asubuhi na mzigo aandikwe, ili akirudi jioni pasiwe na mabishano. Gharama yake ni daftari na kalamu. Lakini lisigeuzwe kuwa njia nyingine ya kumtoza maskini, kwani akiliogopa daftari atapita porini, na hapo mtakuwa mmempoteza yeye na hesabu yenu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea, na habari zake sijazipata mpaka leo.