Akiba haiozi: Usajili usiishie kwenye picha na jezi

KISIWA cha Tasmania, kusini mwa Australia, kina klabu ambayo haijacheza hata dakika moja ya ligi kubwa ya nchi hiyo. Inaitwa Tasmania Devils. Ilipewa leseni mwaka 2023 na imepangiwa kuingia ligi kubwa, AFL, mwaka 2028.

Kwa hesabu za Bongo, klabu ya namna hiyo ingekaa kimya mpaka 2027, halafu dirisha likifunguliwa ishushe majembe kumi na tano kwa mpigo, ipige picha uwanja wa ndege na kuahidi ubingwa. Wenzao wameanza kwa chini. Mpango wao ulikuwa kuingia kwanza VFL msimu wa 2026, ligi ya daraja la pili ambayo wengi wa washiriki wake ni timu za akiba za klabu kubwa. Walitaka wajue kwanza kocha wao anafundishaje, daktari wao anatibuje na vijana wa kisiwa hicho wana uwezo gani, kabla ya kukutana na vigogo.

Hapo kuna somo kwa klabu za Tanzania, ingawa mchezo wenyewe ni tofauti.

Soka la Australia huchezwa na watu 18 kila upande, kwenye uwanja wa duara lililorefuka, na mpira wake una umbo la yai. Wachezaji wanaruhusiwa kuudaka kwa mikono, kuupiga kwa mguu na kuusukuma kwa ngumi. Goli kamili lina pointi sita, na mpira ukipita pembeni kidogo ya milingoti ya kati timu inapata pointi moja. Shabiki wa Simba au Yanga akiuona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni vurugu. Ila maswali ya kocha ni yale yale: nani aanze, nani asubiri, na anayesubiri afanye nini?

Swali hilo la mwisho ndilo wenzao wamelijibu vizuri. Klabu ya AFL inakuwa na wachezaji zaidi ya 40 kwenye orodha yake. Wanaoingia kwenye kikosi cha mechi ni ishirini na kitu tu. Waliobaki, kama ni wazima, hawapandi jukwaani na miwani ya jua. Wanashushwa timu ya akiba na wikiendi hiyo hiyo wanacheza mechi ya ushindani, yenye waamuzi, yenye msimamo wa ligi na yenye kombe mwishoni.

Kwa kuwa majeruhi na wanaopandishwa hubadilika kila wiki, timu ya akiba haiwezi kutegemea nyota wa juu pekee. Ndiyo maana kabla ya msimu kuanza, mwezi Machi, timu hizo hufanya usajili wake zenyewe. Husajili vijana waliokosa nafasi kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi unaofanyika kila Novemba. Husajili wakongwe wachache wa kuwaongoza hao vijana. Husajili pia watu wenye kazi zao za mchana, mafundi na walimu, ambao wanafanya mazoezi jioni na kucheza wikiendi.

Maisha ya mchezaji wa aina hiyo si ya raha. Anaweza kufanya mazoezi wiki nzima, halafu kocha wa timu kubwa akitangaza kikosi na kuwashusha wachezaji wengi, yeye anakosa namba hata kwenye timu ya akiba. Lakini hata hapo hakai bure, kwani wengi wao wana klabu za mitaani kwao ambako hurudi kucheza. Kila mtu anacheza mahali fulani. Huo ndio msingi wa mfumo mzima.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka 2019 klabu ya Richmond ilimchukua Marlion Pickett katikati ya msimu, kutoka South Fremantle ya Australia Magharibi. Alikuwa na miaka 27, umri ambao mawakala wa Bongo wangemwambia treni imeshapita. Hakupewa jezi ya kikosi cha kwanza. Alipelekwa timu ya akiba.

Septemba 22 mwaka huo, timu hiyo ya akiba ikaifunga Williamstown kwenye fainali ya VFL, na Pickett akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Siku sita baadaye, kocha wa timu kubwa akamwanzisha kwenye fainali ya AFL dhidi ya Greater Western Sydney, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000 kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne. Ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa ya AFL. Haijawahi kutokea tangu mwaka 1952 mchezaji kuanza maisha ya ligi hiyo siku ya fainali. Alifunga goli, Richmond ikashinda pointi 114 kwa 25, na medali mbili za ubingwa zikawa shingoni mwake ndani ya wiki moja.

Wapo waliosema ni bahati. Bahati haimtayarishi mtu kukimbia dakika zote hizo mbele ya umati wa namna ile. Pickett alikuwa tayari kwa sababu alikuwa anacheza. Angekuwa amesugua benchi miezi minne, au amekaa jukwaani akisubiri mtu aumie, fainali ile ingemshinda mapema kabisa.

Mfano mwingine una asili ya Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, akaujua mchezo huu akiwa ameshakua kidogo. Sydney Swans walimchagua mwaka 2013. Usajili wake haukuleta kelele, na mechi ya kwanza ya AFL hakuipata mpaka mwaka 2016.

Katikati ya hapo alikuwa wapi? Alikuwa timu ya akiba ya Sydney, anajifunza kusimama, kusoma mpira unakoangukia na kupokea lawama za kocha bila kamera kumwangalia. Klabu ilimsubiri kwa sababu kila wikiendi ilikuwa na kitu cha kupima. Mwaka 2021, akiwa ameshahamia Port Adelaide, alitajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima kama beki. Mtoto wa Kakuma hakukosa kipaji, lakini kipaji peke yake kingeishia kuachwa mwaka wa pili kama kusingekuwa na mahali pa kukikuzia.

Mfumo wa wenzao nao una kasoro zake. VFL ina klabu kongwe zinazojitegemea, zisizo na mzazi kwenye AFL, na wiki nyingine hukutana na timu ya akiba iliyojaa wachezaji wa kulipwa walioshushwa juu, wiki nyingine hukutana na ile ile ikiwa na vijana watupu. Usawa wa ligi unayumba. Pamoja na hayo, mwaka 2024 Werribee, klabu ya kujitegemea, iliifunga Southport kwenye fainali na kubeba kombe la kwanza tangu 1993. Klabu ndogo haikufa kwa kuchangamana na timu za akiba za vigogo. Ilikomaa.

Turufu hiyo ndiyo inayokosekana Bongo. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, kurasa za mbele zinajaa majina. Straika huyu katua usiku wa manane, kiungo yule kamwaga wino miaka miwili, beki fulani katambulishwa kwa video ya kutisha. Mashabiki wanapokea, wanaimba, wananunua jezi. Miezi mitatu baadaye nusu ya majina hayo hayasikiki. Ukiuliza unaambiwa "kocha hajamwelewa bado". Dirisha dogo likija, anatolewa kwa mkopo au mkataba unavunjwa, na klabu inabaki na deni na kesi.

Mara nyingi tatizo si kiwango. Tatizo ni kwamba mchezaji aliyekosa namba hana pa kucheza. Ligi ya vijana chini ya miaka 20 ipo na ni jambo zuri, lakini mwenye miaka 22 au 24 haimhusu. Anabaki na mazoezi ya asubuhi na mechi za kirafiki za hapa na pale. Utimamu wa mwili unashuka, kujiamini kunashuka, na siku aliyepangwa mbele yake akiumia anaingizwa akiwa mzito. Anakosea pasi mbili, jukwaa linamzomea, na safari yake inaishia hapo. Anayeumia si klabu peke yake. Kuna familia nyuma ya huyo kijana iliyoamini kuwa kusaini timu kubwa ndiyo kutoka kimaisha.

Wala si kwamba Tanzania haijui faida ya timu ya pili. Simba B ya mwanzoni mwa miaka ya 2010, chini ya Selemani Matola, iliwatoa Jonas Mkude, Said Ndemla na Ramadhani Singano, waliopanda kikosi cha kwanza wakiwa wameshacheza pamoja na kuzoeana. Azam nao walijenga kituo chao Chamazi kwa fikra hiyo hiyo ya kulea kabla ya kununua. Kwa hiyo njia inajulikana. Kilichokosekana ni kuendelea nayo wakati matokeo ya Jumamosi yanapowaka moto.

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa Bodi ya Ligi na TFF. Iwepo ligi ya timu za akiba isiyobana umri kupita kiasi, ichezwe kwa kanda ili kupunguza gharama za safari, na pale inapowezekana mechi zake ziwe za utangulizi kwenye uwanja ule ule kabla ya mechi za Ligi Kuu. Mashabiki wanaoingia mapema watapata cha kuangalia, na kocha wa timu kubwa ataona wachezaji wake wote siku moja bila kuletewa simulizi.

Klabu zitalalamika kuhusu fedha, na hoja hiyo ina uzito kwa timu za mikoani zinazohangaika hata na nauli. Zisibebeshwe mzigo huo siku ya kwanza. Lakini kwa klabu kubwa zinazomlipa nyota mmoja wa kigeni fedha za kutosha kuendesha timu ya vijana msimu mzima, halafu nyota huyo anacheza mechi tano, kisingizio hicho hakina mashiko. Bei ya mchezaji aliyekaa jukwaani ni kubwa kuliko bei ya basi la kumpeleka kucheza.

Viongozi nao wabadilishe swali wanaloulizana kwenye vikao. Badala ya kuhesabu waliosajiliwa wangapi, wahesabu waliocheza dakika ngapi. Kila mchezaji anayetambulishwa awe na mpango ulioandikwa: asipopata namba mwezi wa kwanza atacheza wapi, mwezi wa pili atapimwa na nani. Mchezaji naye asione kushushwa timu ya pili kama adhabu. Bongo, neno "amepelekwa timu B" linatamkwa kwa sauti ya msiba. Pickett alishushwa hapo akatoka na medali mbili.

Mashabiki pia wana sehemu yao. Wao ndio wanaodai jina jipya kila Julai na wao ndio wanaomzomea kijana kwa kosa la kwanza. Wakianza kuulizia timu ya pili ilicheza na nani wiki hii, viongozi watalazimika kuwa na jibu.

Tasmania imetoa wachezaji wakubwa kwa miaka mingi bila kuwa na klabu yake kwenye ligi kubwa. Peter Hudson, aliyefunga magoli 150 katika msimu mmoja wa 1971, ni mtoto wa kisiwa hicho, lakini alifunga akiwa na jezi ya Hawthorn ya Melbourne. Sasa wamepata klabu ya kwao na wangeweza kuwa na haraka kuliko mtu yeyote. Wamechagua kuanzia chini, kwenye viwanja vya akiba, miaka miwili kabla ya taa za ligi kubwa kuwaka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walimaanisha akiba iliyotunzwa. Mchezaji aliyesajiliwa akaachwa jukwaani ni sawa na mahindi yaliyofungiwa ghalani yakiwa mabichi. Msimu mpya unakuja na wino utamwagika tena. Klabu zikishamaliza kupiga picha na jezi, zijibu swali moja: wale ambao Jumamosi hawatapangwa, watacheza wapi?