Harar: Tukae Siku Ngapi?

Familia inayonuia kuzuru Harar, mji mkongwe wa Kiislamu katika vilima vya mashariki mwa Ethiopia, hukabiliwa na swali: tukae siku ngapi?

Siku moja haitoshi. Ukishatua Dire Dawa, ingali safari ya gari ya kupanda mlima, na watoto hufika wamechoka. Ndani ya ukuta uliojengwa na Amiri Nur katika karne ya 16 mna misikiti 82 na vichochoro vya kutembea kwa miguu. Nauona wastani kuwa siku tatu kamili: ya kwanza kupumzika, ya pili misikiti na nyumba za kale, ambazo akina mama huzipamba kuta kwa vikapu vya kusuka, ya tatu soko, na usiku kutazama fisi wakilishwa.

Tena, katika madhehebu ya Imamu Shafi, anuiaye kukaa siku nne kamili, zisipohesabiwa ya kufika na ya kuondoka, hutimiza swala tangu afikapo. Wa siku tatu angali na ruhusa ya kupunguza. Basi shaurianeni na kuamua kabla ya kufunga mizigo. Wallahu aalam.