Wachezaji wa netiboli wakichuana

Nimekuwa kimya majuma mawili, mnisamehe. Kazi ya gazeti inakula mtu. Leo nina jambo limenikaa kooni, na nisipolisema hapa sijui nitalisema wapi, maana kazini kwangu halitachapwa. Linatuhusu sisi wenyewe.

Nilikuwa Mwera, wilaya ya Pangani. Kwa asiyepajua: ukifika Pangani mjini unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, halafu unashika njia ya kusini, minazi kwanza, mkonge baadaye. Nilitumwa kuandika habari za mkonge. Nimeandika, imetoka, na wengi wenu mmeshaisahau. Ninayotaka kuwasimulia leo ni ya mama mmoja niliyemkuta jioni kwenye kiwanja cha shule, khanga kaifunga kiunoni, anawafokea mabinti wa darasa la sita.

"Mguu huo! Ukiunyanyua usiurudishe chini na mpira bado unao!"

Nilisimama. Mimi naandika michezo mwaka wa nne sasa, na kanuni ile nilikuwa siijui vizuri. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukaanza kuongea.

Kumbe alicheza timu ya taifa, miaka ya 1980. Alionekana kwenye mashindano ya shule, shirika moja la umma likamchukua Dar es Salaam, likampa kazi ya ofisini na nafasi ya GD katika timu yake. Ndivyo ilivyokuwa zama zile. Ajira ndiyo iliyokuwa klabu, na klabu ndiyo ajira. Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji, akapunguzwa kazini, akalipwa kiinua mgongo mara moja, akarudi kwao. Timu nayo ikafa. Nyumbani amebakiwa na jezi iliyopauka na picha moja ya wanawake kumi na wawili waliosimama safu mbili.

Hapo ndipo penye kisa. Watu fulani walitaka kumpa kazi ya kufundisha wasichana, yenye posho kidogo. Wakamwambia alete ushahidi kwamba kweli alicheza Taifa. Barua, cheti, hata kipande cha gazeti kingetosha. Hana. "Mwanangu, wewe si wa magazeti? Nitafutie," akaniambia.

Nikaona ni kazi ndogo. Niliporudi nikaingia kwenye chumba tunakohifadhi magazeti ya zamani, nikapekua siku tatu, pua imejaa vumbi. Michezo yenyewe niliikuta. Matokeo yapo, mji upo, mgeni rasmi yupo na cheo chake chote. Jina la mama huyu halipo. Picha zipo mbili, na chini yake maneno ambayo hata mimi nimewahi kuyaandika mara nyingi tu: "Wachezaji wa netiboli wakichuana."

Wachezaji gani? Hatukusema.

Msomaji, kabla hujaniambia kwamba netiboli haina mvuto, fikiri kidogo jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Wachezaji ni saba kila upande. Kwa mujibu wa kanuni, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA. Watano waliobaki hawawezi kufunga hata wangekuwa na vipaji vya malaika. Sasa mwandishi anayeandika wafungaji peke yao amefuta watano kati ya saba kabla hajafungua kalamu. Mpira wa miguu haukufanyi hivyo, maana hata beki anaweza kupanda kwenye kona akafunga, akaandikwa. GD hata siku moja. Mama wa Mwera angeweza kunyakua mipira ishirini kwa mchezo mmoja na kesho yake gazetini asiwepo.

Hata pale tulipojitahidi, tulijitahidi nusu. TASWA, chama chetu wenyewe waandishi wa habari za michezo, kilimtangaza Mwanaidi Hassan, mfungaji wa Taifa Queens, kuwa mwanamichezo bora wa mwaka 2010. Wa michezo yote, si wa netiboli tu. Sawa kabisa, alistahili. Lakini Mwanaidi hakujirushia mpira mwenyewe. Nitajie aliyekuwa akimpa pasi. Nitajie aliyeunyang'anya mpira huo kule nyuma. Nimewauliza wenzangu watano wa dawati la michezo, na wote wakacheka.

Tazama majirani. Uganda walikwenda Kombe la Dunia Sydney mwaka 2015 wakawa wa 14. Liverpool 2019 wakawa wa 7. Cape Town 2023 wakawa wa 5. Baada ya Sydney, Peace Proscovia, binti wa Arua, akasajiliwa na Loughborough Lightning ya Uingereza. Hao si matajiri kuliko sisi. Malawi yupo Mary Waya, aliyeichezea nchi yake zaidi ya mara 200 na baada ya kustaafu akaingia kwenye ukocha. Hiyo 200 isome tena. Kuna mtu alikaa akahesabu! Sisi mama wa Mwera hata mara moja hatujamhesabia. Na Taifa Queens hawakuwepo Sydney, hawakuwepo Liverpool, hawakuwepo Cape Town.

Sisemi kwamba tulikosa kwenda kwa sababu waandishi hawakuandika majina. Fedha zipo kwenye hesabu hiyo, viwanja vipo, na serikali nayo ipo, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisimamisha michezo ya shule na kukata mzizi wenyewe. Ninachosema ni hiki: mchezaji asiye na kumbukumbu akistaafu anastaafu mtupu. Hawezi kuwa kocha, hawezi kuwa mwamuzi, hawezi kuwa mjumbe, kwa sababu hawezi kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa chochote. Nchi ikipoteza watu wa namna hiyo kila kizazi, kila kizazi kinaanza moja.

Nimeshaambiwa kazini kwamba nafasi haitoshi. Jamani! Uvumi wa usajili wa Simba na Yanga unapewa ukurasa mzima, na keshokutwa unakanushwa kwa ukurasa mwingine mzima. Majina saba ya netiboli ni mistari miwili. Na yule anayesema wasomaji hawawataki, aniambie msomaji atampenda vipi mtu asiyejua jina lake. Leo tunamfahamu Aisha Masaka wa soka, aliyekwenda Brighton mwaka 2024, kwa sababu kuna waliomwandika kwa jina tangu akiwa hapa.

CHANETA na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, nawaomba jambo moja lisilohitaji mfadhili: wekeni hadharani orodha ya kila mwanamke aliyewahi kuvaa jezi ya Taifa, na kila mmoja apewe barua yake angali hai. Na sisi wa kalamu tuache uvivu. Mimi nimeanza. Habari ya netiboli isiyo na majina kumi na manne sitaipeleka kwa mhariri, akate yeye.

Siku ile Mwera, kabla sijaondoka, mama alishika ile picha akanitajia wenzake wote kumi na mmoja, kidole kikitembea kutoka uso hadi uso. Jina, nafasi, alikotoka. Kwa watatu alisema tu "marehemu" akaendelea. Nyuma ya picha hapakuwa na neno hata moja, nikamwomba kalamu yangu itumike hapo. Majina sitayaanika hapa bila ridhaa yao, ila sasa yameandikwa mahali.

Kama mama yako au shangazi yako alicheza, leo usiku mwombe picha uandike nyuma yake. Ile kazi ya ukocha mama hajaipata mpaka naandika haya. Mwenye hoja tofauti karibu tubishane.